Ustadi wa Kusoma Mizaji

Tabibu wa mizaji humtazama mtu kabla ya kuutazama ugonjwa. Ngozi yake ni kavu au ina unyevu? Hasira zake ni za karibu, au huchukua siku kadhaa kupanda? Analala vipi, jana alikula nini, na huu ni msimu wa mvua au wa jua? Naupenda ustadi huu kwa sababu haufanyiki bila kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

Elimu yenyewe ilianzia kwa Wagiriki, Hippocrates na Galen. Ibn Sina akaipanga katika kitabu chake cha Kanuni, alichokimaliza karibu mwaka 1025. Mwilini, walifundisha, mna vimiminiko vinne: damu, safura (nyongo ya manjano), kohozi na sauda (nyongo nyeusi), kila kimoja na moto au baridi yake, ukavu au unyevu wake; mchanganyiko wake ndio mizaji ya mtu. Vikilingana, mtu ni mzima. Kimoja kikizidi, mwili na tabia huharibika pamoja. Waswahili wa Mombasa walivigawa hata vyakula vivyo hivyo: asali ya moto, tango la baridi.

Kutoka pwani, misafara ilipita Tabora hadi Ujiji, kisha watu wakashika mitumbwi katika Ziwa Tanganyika hadi Uvira. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipofika huko, Aprili 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kutangulia. Kiswahili chetu kilipita njia hiyo, na Uislamu pia, na huenda lugha ya mizaji ilifuatana navyo: hadi leo mwenye ghadhabu tunamwambia apoe.

Waliofaidi zaidi elimu hii ya mizaji ni waandishi. Mwaka 1598 Ben Jonson alileta jukwaani London watu wanaotawaliwa na mizaji zao. Shaaban Robert, katika Kusadikika, alimwita waziri Majivuno, tukamjua kabla hajafungua kinywa. Ila kwangu aliyewapita wote ni Robert Burton (si yule msafiri), ambaye mwaka 1621 alitoa kitabu kinene kuhusu sauda na huzuni, akakubali kwamba huzuni ina milango mingi ya kumwingilia mtu.

Kama tiba, nadharia ile ilishindwa. Kipindupindu, kinachorudi Uvira kila mara, hakichagui mizaji. Huzuiwa kwa maji safi, na mgonjwa huokolewa kwa kurudishiwa upesi maji na chumvi. Maswali ya tabibu, hata hivyo, hayajachakaa. Anayetaka kumwandika mvuvi wa ndagala wa Kalundu, bandari ya Uvira, ajue mtu huyo anaamkaje baada ya usiku wa taa ziwani, akikosa samaki hasira zake humwangukia nani, na nyumbani ni nani anayejua kumpoza.