Shahada Bila Kuacha Kazi: Kujiendeleza au Kuikimbia Kazi?

Swali la elimu haliwezi kutenganishwa na swali la kazi. Kwa hiyo tunapozungumzia elimu ya juu kwa njia ya masafa, yaani shahada anayoisomea mfanyakazi akiwa kazini kwake, haitoshi kuhesabu waliojiandikisha na waliohitimu. Hapana budi tuulize: je, elimu hiyo inambadilisha mfanyakazi pamoja na kazi yake, au inampa tiketi ya kuikimbia?

Tuanze na historia, maana uchambuzi usio na historia hugeuka porojo. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu ambao hawakuhudhuria masomo chuoni. Hatua hiyo ilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, iliwafungulia mlango watu wasiokuwa na nauli wala nafasi ya kukaa chuoni. Wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika waliutumia mlango huo. Robert Mugabe alipata shahada za London akiwa kifungoni Rhodesia. Nelson Mandela alisomea sheria ya chuo hicho akiwa mfungwa wa Kisiwa cha Robben, na mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, akakamilisha shahada yake kwa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Wanaoibeza elimu hii kuwa ni "shahada ya posta" wangefaa kuikumbuka historia hiyo. Kwa upande wa pili, kila aliyeketi kwenye mitihani ile katika makoloni alipimwa kwa mizani iliyotengenezwa London, kwa mahitaji ya London.

Kwetu, Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijaribu kuunganisha chuo na kazi: kijana afanye kazi kwanza, ndipo aombe kuingia Chuo Kikuu. Masharti hayo yalilegezwa baadaye. Hata yalipokuwa na nguvu, mfanyakazi aliyechaguliwa ilimbidi aiache kazi yake aende Mlimani. Mabadiliko makubwa yalikuja na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Sasa chuo kilimfuata mfanyakazi badala ya mfanyakazi kukifuata chuo.

Kwa Unguja jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Mapinduzi ya Januari 1964 yalivunja ubaguzi katika skuli, na tarehe 23 Septemba mwaka huohuo elimu ikatangazwa kuwa bila malipo. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo Visiwa havikuwa na chuo kikuu. Vya kwanza vilifunguliwa mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kilianza kusomesha mwaka 2001. Chuo Kikuu Huria kiliwatangulia wote hao. Kwa mwalimu wa Makunduchi au karani wa afisi ya Mji Mkongwe, mwenye watoto na wazee wa kuwatunza, maana ya jambo hilo haihitaji maelezo marefu.

Wala kusoma bila kuacha kazi si jambo geni Unguja. Katika misikiti na majumba ya Mji Mkongwe, vizazi kwa vizazi, watu walishinda kwenye biashara na ufundi wao, na jioni wakakaa darsani mbele ya sheikh. Tunachopaswa kupima ni kama elimu ya masafa imefikia hata ubora wa darsa hilo. Hapa ndipo tunapoona kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni lugha. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini mwanafunzi wa Unguja anapofungua kitabu chake cha sheria au uchumi hukikuta kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ndivyo anavyotahiniwa. Aliyeko darasani hupata nafuu: mwalimu akiona nyuso zimekunjamana, hufafanua kwa Kiswahili. Wa masafa hana huyo. Amebaki na karatasi, na karatasi haioni kuwa msomaji wake amekwama. Matokeo yake ni kukariri. Mtu anaweza kuibeba sura nzima ya kitabu kichwani bila kuweza kuwaeleza majirani zake maana yake. Elimu isiyoweza kusemwa kwa lugha ya umma itawafikiaje umma?

Kasoro ya pili ni upweke. Itikadi ya kibepari humsifu mtu "aliyejitengeneza mwenyewe", na elimu ya masafa ni rahisi kuangukia katika sifa hiyo: kila mtu na kitabu chake, taa yake na kompyuta yake. Na vifaa hivyo havikugawanywa sawa. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, mwenye jenereta aliendelea kusoma, asiyekuwa nayo akasubiri jua. Siku za kawaida nazo zina ukosefu wake wa usawa. Mwanamume akirudi kazini hupewa nafasi ya kusoma. Mwanamke mwenye kitabu hichohicho hurudi kwenye maji, kuni na watoto, na hukifungua kitabu wengine wakiwa wamelala. Kumwambia mama huyo kwamba mlango uko wazi kwa wote, tukaishia hapo, ni kumdhihaki.

Kasoro ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni lengo. Mwalimu wa kijijini anasoma miaka mingi kwa jasho lake, anapata shahada, kisha anaomba uhamisho wa kwenda afisini mjini. Tusimlaumu haraka. Ikiwa mshahara na heshima viko kwenye afisi, atafuata mshahara na heshima. Lakini skuli imepata nini? Imempoteza mwalimu aliyekomaa, na watoto wa wakulima na wavuvi wameigharamia shahada ambayo hawataiona. Chuo kimemfuata mfanyakazi hadi kijijini, kisha kikamchukua.

Hata hivyo tiba ipo, na haingoji fedha nyingi. Mwanafunzi wa uchumi anayeishi Paje azitafiti bei za mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara pwani hiyo mwaka 1989, hasa na wanawake. Mwenzake wa sayansi achunguze kwa nini mwani wa bei nzuri unakufa maji yanapozidi joto. Matokeo yaandikwe pia kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya wakulima wenyewe, ili wayahoji. Matawi yetu yana majengo ambayo jioni hukaa kimya. Yafunguliwe yawe mahali pa wanafunzi wa masafa kusomea pamoja, kwa saa ambazo wanawake nao wanaweza kufika. Waajiri watoe saa za kusoma kama haki, si kama hisani ya mkubwa. Na mwalimu anayebaki kijijini na shahada yake apandishwe cheo hukohuko kijijini.

Kuondoa umbali wa bahari kati ya Unguja na chuo kulikuwa kazi ya sheria na utawala, na imefanyika. Kuondoa umbali kati ya elimu na kazi ni kazi ya siasa. Kazi hiyo ni yetu, na kila kada aianze kwa kuuliza katika tawi lake: ni nani hapa anayesoma peke yake usiku, na tumemsaidia nini?