Gemu ya kale, ya kikale au ya zilipendwa?

Wauzaji wa mitambo ya michezo ya video mitandaoni wamelikumbatia neno ‘retro’. Mtambo wowote ulioshika vumbi huitwa hivyo, na papo hapo bei hupanda. Ukiuliza Kiswahili chake, utaambiwa eti ni ‘gemu ya zamani’. Jibu hilo ni jepesi mno, na mnunuzi analipia wepesi wake.

Ipo kanuni inayotajwa sana na wapenzi wa gemu: kitu kikitimiza miaka 20, basi ni retro. Hebu tuijaribu kwa PlayStation 2. Mtambo huo uliingia sokoni Japani Machi 2000, hivyo kwa kalenda ulifuzu 2020. Lakini Sony iliendelea kuuunda kwa zaidi ya miaka 12, na FIFA 14 ilitolewa kwa mtambo huohuo mwaka wa 2013. Je, tuhesabu tangu kuzaliwa au tangu kuzikwa? Isitoshe, PlayStation 3 ilipotoka 2006, vibanda vingi vya gemu mitaani kwetu vilikuwa bado vinategemea PS2, na kijana aliyelipia mechi pale hakujiona yuko nyuma ya wakati. Kalenda ya Tokyo si ya Kayole.

Kiswahili kina maneno yanayoweza kutenganisha mambo haya. ‘Zamani’ hutaja wakati tu. ‘Kuukuu’ hutaja uchakavu: PlayStation 4 ya 2013 iliyolegea vitufe ni kuukuu, na hakuna atakayeiita retro ila muuzaji mwenyewe. ‘Kale’ huongeza umbali, kwa hiyo Famicom ya Nintendo ya 1983 ni mtambo wa kale bila ubishi. Sasa ongeza kiambishi ki- cha namna, kilekile cha ‘kisasa’, upate ‘kikale’. Shovel Knight ilitoka 2014, ila picha zake za vijiraba na muziki wake vimeundwa makusudi vifanane na vya enzi ya Famicom. Hiyo ni gemu ya kikale, si ya kale. Kiingereza huzifunika zote mbili kwa neno moja, kisha watu wakakesha wakibishana.

Neno linalokaribia zaidi kiini cha retro, kwa maoni yangu, tumelizoea redioni: ‘zilipendwa’. Ukilichambua kisarufi, -li- inadai kwamba mapenzi yamepita. Wapi! Anayesikiliza zilipendwa anazipenda leo. Maana imeizidi sarufi: wimbo ulivuma, ukaachwa na mitindo mipya, kisha watu wakaurudia kwa hiari. Huko kurudiwa ndiko kunakokosekana katika kanuni ya miaka 20. Toleo la FIFA la 2005 limetimiza miaka hiyo, lakini kila toleo jipya la kandanda hulizika lililotangulia, na ni wachache wanaolitafuta. GTA San Andreas ya 2004 bado inatafutwa na watu ambao wana mitambo bora nyumbani. Umri wa gemu hizi mbili unakaribiana sana, hadhi yake haikaribiani.

Watetezi wa ngeli watauliza kuhusu upatanisho. ‘Gemu’ imo katika I-ZI, hivyo ‘gemu zilipendwa’ hupita, japo inasikika kama sentensi kamili. ‘Michezo’ ingedai ‘ilipendwa’, nasi tungepoteza neno lenyewe. Heri tukubali kwamba ‘zilipendwa’ limeshakuwa nomino, tuseme ‘gemu ya zilipendwa’, ‘mtambo wa zilipendwa’.

Inabaki Tetris. Alexey Pajitnov aliibuni Moscow mwaka wa 1984; miaka ya tisini ilichezwa hapa kwa vile vidude vya mkononi vya ‘brick game’, na leo imo simuni. Ni nzee kuliko nusu ya waichezao, lakini haikuwahi kuachwa, basi haiwezi kurudiwa. Si kuukuu, si ya kikale, na zilipendwa bado haijawa. Hiyo iiteni gemu kongwe.