Namba Ubavuni mwa Ndege

Ndege ya kivita ya Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilijulikana kwa herufi na tarakimu zilizopakwa ubavuni karibu na mkia: P7350, ET574, W1048. Mpita njia huziona kuwa alama za ghala tu. Kwa wale waliojitwisha kazi ya kuandika historia ya ndege hizo, namba ndiyo jina, na jina likikosewa, kila kinachofuata kimeharibika. Wengi wao hawakuwa wanahistoria kwa ajira. Walifanya kazi zao nyingine mchana, na usiku wakafungua majalada.

Walianza mapema. Air-Britain, chama cha wapenzi wa ndege, kiliundwa mwaka 1948, wakati ndege za vita zilikuwa bado zinakatwakatwa na kuyeyushwa ili kupata aluminiamu. Chama hicho kimetoa vitabu vinavyopanga ndege za jeshi la anga namba baada ya namba: ilipelekwa kikosi gani, ilipatwa na nini, iliishia wapi. Wanazijua ndege hizo kama mzee wa ukoo anavyojua nasaba, hata za matawi yaliyokatika. Habari za ndege nzima huweza kuenea katika mstari mmoja, na mstari huo mmoja huenda umekula jioni nyingi za mtu. W. R. Chorley, kuanzia mwaka 1992, alitoa mfululizo wa vitabu vya ndege za mabomu za Uingereza zilizopotea, mwaka baada ya mwaka wa vita, kila ndege pamoja na majina ya waliokuwemo. Hakuna mwenye kusoma vitabu vile kwa burudani. Hata hivyo, ndugu wengi wa marehemu wamejua kwa njia hiyo kijana wao alipanda ndege gani usiku ule wa mwisho.

Chimbuko la kazi ni karatasi. Fomu 78 ilikuwa kadi ya kuonyesha ndege imehamishwa kutoka wapi kwenda wapi. Fomu 1180 ilikuwa kadi ya ajali. Fomu 540 na 541 zilikuwa kurasa za daftari la kikosi, na leo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London. Hata mpangilio wenyewe wa namba una mitego. Kulikuwa na mafungu ya namba yaliyorukwa makusudi ili adui asijue ni ndege ngapi zimetoka viwandani, na anayepiga hesabu bila kulijua hilo huhesabu ndege ambazo hazikuwahi kuwepo.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye herufi. Kwa kawaida kikosi kilikuwa na herufi zake mbili, na kila ndege ndani ya kikosi herufi moja ya ziada. Ndege yenye herufi G ikianguka Jumatatu, nyingine ikaletwa Alhamisi, hiyo mpya huweza kupewa herufi ile ile ya G. Rubani, katika daftari lake la safari, mara nyingi aliandika herufi peke yake, kwa kuwa ndiyo aliyoiita redioni na ndiyo aliyoitafuta kiwanjani gizani. Miaka ikapita, mjukuu akafungua daftari, akaona G, akaenda kutafuta picha ya G, akaipata, akaitundika ukutani. Huenda babu hakuigusa ndege ile hata siku moja. Mtafiti stadi haridhiki hapo. Hutafuta tarehe, akaiweka tarehe hiyo mbele ya daftari la kikosi, kisha daftari la kikosi mbele ya kadi ya uhamisho. Kama kadi inasema ndege ilikuwa gereji ikitengenezwa bawa wiki nzima, basi karani wa kikosi amekosea, na makarani walikosea mara nyingi: walipindua tarakimu mbili, au waliendelea kuandika namba ya ndege iliyokwisha kuzama baharini. Ufundi wote uko katika kujua ni karatasi ipi ya kuamini karatasi mbili zinapogombana. Hakuna kanuni ya jambo hilo. Anayelijua amelijua kwa kukaa na mwandiko wa karani mmoja hadi akazoea makosa yake.

Picha nazo hudanganya. Baadhi ya filamu za enzi hizo hazikuihisi rangi nyekundu, na njano ziliihisi kidogo tu, kwa hiyo duara la njano lililozunguka nembo ya ubavuni hutoka karibu jeusi. Watu wazima wamenuniana kwa miaka juu ya rangi ya pua ya ndege moja, na ukiwasikiliza hadi mwisho unakuta ubishi ulikuwa juu ya filamu.

Thamani ya uangalifu huu ilionekana wazi pale hesabu za pande mbili zilipokutanishwa. Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kwamba wameangusha ndege 185 za Wajerumani. Orodha za hasara za Wajerumani wenyewe, zilipopatikana baada ya vita, zilionyesha takriban 60. Si kwamba marubani walisema uongo. Watatu waliipiga ndege moja kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akaiona ikishuka na moshi. Sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi la anga la Ujerumani iliteketezwa mwaka 1945, hivyo ulinganisho wa aina hii kwa siku nyingi za vita hautawezekana tena.

Karatasi zikinyamaza, chuma huulizwa. Vipande vingi vya ndege ya kivita aina ya Spitfire vimegongwa namba inayoanza na 300, kwa sababu 300 ndiyo iliyokuwa namba ya michoro ya ndege hiyo, na kipande cha ukubwa wa kiganja hutosha kuitofautisha na ndege nyingine. Nchini Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1986, mabaki ya ndege za kijeshi hayafukuliwi bila kibali. Sheria hiyo ilikuja baada ya wengi kuchimba kwa pupa, wakapeleka injini nyumbani na kuacha maswali shimoni.

Mwaka 2012 ndege aina ya Kittyhawk ilikutwa katika jangwa la Misri, ikiwa karibu nzima baada ya miaka 70. Namba ET574 ilifungua kila kitu: Dennis Copping, wa kikosi cha 260, alikuwa akiipeleka kutengenezwa tarehe 28 Juni 1942 akapotea njia. Parachuti iliyokutwa pale ilionyesha kwamba alitua akiwa hai na akajitengenezea kivuli. Mwili wake haukupatikana. Baadaye ndege ilipelekwa kwenye jumba la makumbusho huko El Alamein, ikapakwa rangi mpya. Mchanga wa miaka 70 ulikuwa umeacha sehemu ya rangi ya zamani pamoja na mikwaruzo yake, na huo ulikuwa ushahidi. Brashi ilimaliza kazi ambayo jangwa lilishindwa kuimaliza.

Waingereza wenyewe hawana cha kujivunia. Spitfire P7350, iliyopigana mwaka 1940 na bado inaruka, iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1948 na ikaponea chupuchupu. Mambo ya ndege za mabomu aina ya Stirling ni mabaya zaidi. Zilitengenezwa zaidi ya 2,300, na haikubaki hata moja nzima. Afadhali ndege ya mabomu Halifax W1048, iliyoopolewa katika ziwa la Norwei mwaka 1973 na kuachwa katika makumbusho ya Hendon ikiwa na kutu yake, bila kurembwa. Siku hizi madaftari ya marubani huuzwa kwa mnada na kutawanyika, na orodha zilizokusanywa kwa miaka 40 hunakiliwa kwa dakika mbili bila mtu kuuliza zilitoka wapi, makosa yakiwa yameongezewa mengine.

Afrika Mashariki imo katika kumbukumbu hizi. Christopher Shores, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alilinganisha habari za Waingereza, Waafrika Kusini na Waitalia juu ya vita vya anga katika eneo hili. Kikosi cha 259 kiliundwa upya Kipevu, Mombasa, Februari 1943, kikahamia Dar es Salaam mwaka huo huo. Tarehe 20 Agosti ndege zake za Catalina, pamoja na za kikosi cha 265, ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Majina ya waliorusha ndege hizo yanatafutika, kwa sababu Fomu 541 ina safu yake. Haina safu ya watu waliofanya kazi ya mikono nchi kavu, na kadi za ndege hazisemi lolote juu yao. Atakayetaka habari zao itambidi aanzie kwa familia, na waliokuwa vijana mwaka 1943 karibu wote wameshazikwa.