Kamusi Hai na Fedha za Msimu

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuipima kamusi kwa vidahizo vyake na fasili zake. Ni nadra kuuliza ni nani aliyeilipia kazi hiyo, na kwa muda gani. Katika makala haya mafupi tungependa kuliuliza swali hilo juu ya The Internet Living Swahili Dictionary, iliyoanzishwa na mwanaanthropolojia Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, na ambayo baadaye iliitwa Mradi wa Kamusi. Ingawa haikutafuta faida, kwa tabia yake ilikuwa sawa na kampuni changa ya teknolojia: wazo jipya, watu wachache, mtambo unaojengwa huku ukitumiwa, na mfadhili anayesubiriwa.

Ubora wa wazo lenyewe hauna shaka. Msomaji aliweza kupendekeza neno, na mhariri akalipitia kabla ya kulikubali. Hivyo mlango ulifunguliwa hata kwa wasemaji ambao Kiswahili Sanifu kiliwaacha nje ya uzio. Tuchukue neno "kadogo", ambalo huku Ituri ni mtoto aliyeingizwa jeshini. Neno hilo lilisikika hadi The Hague, katika kesi ya Thomas Lubanga iliyotolewa hukumu mwaka 2012. Mkalimani akilichukua kuwa ni kitu kidogo tu, ushahidi umepotea.

Lakini neno likishapendekezwa halina budi kusomwa, na kusoma ni kazi ya mshahara. Ufadhili wa miradi ya teknolojia hutolewa kwa misimu, nao hupenda kuzindua kuliko kutunza. Kamusi, kwa upande wake, karibu yote ni utunzaji. Mradi uliondoka Yale, ukaandikishwa kuwa shirika lisilo la faida nchini Marekani na Uswisi, ukapanua dira yake kwa lugha nyingine za Afrika na, mwaka 2013, kwa lugha zote za dunia. Wapo watakaouita huo ukuaji. Sisi tunaona humo pia shinikizo la fedha: aombaye msaada wa kupalilia shamba la jana hasikilizwi, basi huahidi shamba jipya lililo kubwa zaidi. Kwetu tunaofundisha kwa Kifaransa ahadi hiyo ilivutia, maana kamusi ya kwanza ilitulazimisha kupitia Kiingereza. Hata hivyo, kila ahadi mpya iliwaongezea kazi watu walewale wachache.

Hatumshutumu Benjamin kwa uvivu. Mwaka 2018 yeye mwenyewe aliandika juu ya lugha zinazoachwa nje ya utafiti wa kompyuta. Shaka yetu ni juu ya umbo. Toleo la kwanza la Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI lilitoka mwaka 1981, na la pili mwaka 2004. Miaka 23 ni ucheleweshaji mkubwa, lakini katika muda wote huo kitabu kilikuwa rafuni (kwa aliyebahatika kupata nakala). Kamusi ya Sacleux ya mwaka 1939 bado inafunguliwa na kusomwa. Kazi ya mtandaoni haiwezi kulala namna hiyo: mtambo usiolipiwa huzimwa, na programu isiyorekebishwa hufa pamoja na maneno iliyoyabeba.

Lawama nyingine ni yetu. Sisi wa vyuo vikuu tuliitumia kamusi hii bure, tukawasifia wanafunzi, tukailaumu ilipochelewa. Katika vikao vya bajeti nilivyohudhuria sijasikia hata mmoja wetu akipendekeza kuilipia, walau mshahara wa mhariri mmoja kwa miezi mitatu.

Wakati fulani wanafunzi wetu walikusanya maneno ya sokoni na ya machimbo ya dhahabu, wakayaandika kwenye vipande vya karatasi wakitarajia kuyapeleka huko. Vipande hivyo vimo katika katoni chini ya meza yangu. Wino umeanza kufifia, lakini vingi bado vinasomeka.