Kadi Mbili Mbele ya Mwanamke wa Kasulu

Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania iliuanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ambao watu wameuzoea kwa jina la MMAM, na lengo lake lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulitekeleza: kila kijiji kiwe na zahanati, na kila kata iwe na kituo cha afya, kabla ya mwaka 2017 kumalizika. Katika mwaka huo huo, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kwenye miinuko ya Uha ambako theluthi moja tu ya watoto walikuwa wakizaliwa mikononi mwa watumishi wa afya vituoni, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwauliza wanawake swali lisilokuwamo katika daftari za wapangaji wa mpango ule, nalo ni hili: lau vingekuwako vituo viwili, na kila kimoja kina jema lake na upungufu wake, wewe ungekwenda kujifungulia kipi? Majibu yaliyotoka huko yalikwenda njia nyingine na matofali ya MMAM, na namna yalivyopatikana ndiyo ninayotaka kuichambua.

Nchi hii ya Waha imezoea kupangiwa. Tangu mwaka 1933 serikali ya mkoloni iliwakusanya watu wa Kibondo na jirani zake katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mbung'o waenezao malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, iliyowahamishia raia katika vijiji vya ujamaa kwa hoja kwamba shule, maji na tiba haviwezi kuwafikia watu waliotawanyika. Sisemi kwamba makusudio ya mambo hayo mawili yalikuwa sawa, wala kwamba yote yalikuwa ya uovu, maana malale ni maradhi yauayo. Nasema kwamba katika yote mawili raia alitakiwa kuhama, hakutakiwa kuchagua.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo yaligeuzwa. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo uliwaweka wanakijiji wenyewe mbele: wakachora ramani ya kijiji chao, wakaandika kalenda ya misimu ya njaa, mvua na maradhi, wakakaa kwa makundi ya wanawake, wanaume na vijana, na mwisho wa siku hizo za mashauri wakatoa mpango uliopelekwa kwenye kata na halmashauri. Ni hatua kubwa, na asiyeisifu hajaishi chini ya amri. Lakini ulikuwa na kasoro moja ya kiufundi ambayo hata walioutunza waliiona baadaye, wakaurekebisha uelekee zaidi kwenye jitihada za wanajamii wenyewe: mkutano ukiulizwa unataka nini, hutaja zahanati, shule, barabara, maji na umeme, na hapana haki ya kuulaumu, kwa kuwa kutaja hakumgharimu mtu kitu. Orodha ya namna hiyo huonyesha kila kinachotamaniwa, na haionyeshi kamwe ni kipi mtu yuko radhi kukiacha ili akipate kingine. Na maadamu fedha ya halmashauri haitoshi nusu ya orodha, anayechagua hatimaye ni ofisa, kijiji kikiwa kimekwisha kutawanyika.

Hapo ndipo zilipoingia kadi walizoonyeshwa wanawake wa Kasulu. Mbinu yenyewe imezaliwa katika elimu ya uchumi, na aliyeiwekea msingi wa hisabu ni Daniel McFadden wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Huyu alikisia ni wasafiri wangapi wangepanda reli mpya ya mji wa San Francisco kabla haijafunguliwa. Makisio rasmi yalikuwa asilimia 15 ya wasafiri, yeye akasema asilimia 6.3, na reli ilipofunguliwa wakapatikana asilimia 6.2. Siri yake ni kutomuuliza mtu anapenda nini, bali kumtazama anapochagua, mfano wa muuza maharage sokoni ambaye hawaulizi wateja kama wanayapenda, ila huangalia ni bei gani inayowapeleka kwa jirani yake.

Watafiti wale wa Kasulu, Margaret Kruk, Godfrey Mbaruku na wenzao, waliutia ufundi huo katika jambo la uzazi. Kila kadi ilieleza vituo viwili vya kubuni kwa sifa sita: umbali, gharama, aina ya mhudumu, mwenendo wa mhudumu kwa mgonjwa, kuwapo kwa dawa na vifaa, na usafiri wa bure. Sifa hizo zilichanganywa kwa namna ambayo mwanamke, mathalan, hukiona kituo kimoja kilicho karibu na kisicho na gharama lakini mkunga wake ni mkali na kabati lake tupu, na cha pili kilicho mbali chenye staha na dawa. Akikichagua cha mbali, amekwisha kutoa siri ya thamani ya staha kwa kipimo cha mwendo wa miguu, pasipo yeye kuulizwa neno staha. Kadi zikirudiwa na sifa zikibadilishwa, uzito wa kila sifa hujitenga na uzito wa nyingine. Na kwa kuwa mwanamke mmoja hawezi kuchoshwa kwa kadi mia, watafiti walitumia hisabu za kanuni ya Bayes zilizopangwa kwa ngazi, ambazo humkadiria kila mmoja kwa majibu yake mwenyewe, kisha huziba pengo la majibu hayo kwa kuazima kutoka kwa jumla ya wenzake.

Wanawake 1,203 walimaliza zoezi hilo. Katika sifa sita, mbili zilizozishinda nyingine ni mwenendo wa heshima wa mhudumu, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2009, kama vituo vilivyokwisha kujengwa vingetengenezwa katika mambo hayo mawili tu, wanawake wanaopendelea kujifungulia kituoni wangepanda kutoka asilimia 43 hadi 88. Kituo kipya hakimo katika hesabu hiyo. Utafiti mwingine wa timu hiyo hiyo katika wilaya hiyo uliikaza hoja: katika wanawake waliojifungulia katika vituo vya tiba, takriban asilimia 44 walikuwa wamekipita kituo kilicho karibu nao wakaenda mbele zaidi. Mtu anayekipita kituo akiwa na uchungu wa uzazi hawezi kusemwa kuwa shida yake ni uhaba wa vituo.

Mbaruku hakuwa mgeni wa maneno hayo. Miaka ya 1980 alikuwa tabibu katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, na huko alianza kwa kazi isiyopendeza, yaani kufukua kumbukumbu za vifo vya wajawazito vya mwaka 1984 hadi 1986, akakuta kwamba vifo vingi havikuandikwa hata kidogo. Kisha likaja azimio la mambo 22, na msomaji aliyezoea maazimio ya siku hizi atashangaa kwa udogo wake: vikao vya mara kwa mara vya kuchunguza vifo, ratiba ya kutunza mitambo, damu ya akiba, watumishi wa lazima kuishi karibu na hospitali, maji ya dripu kutengenezwa papo hapo, malalamiko ya raia juu ya huduma kusikilizwa. Katika maelezo aliyoyatoa pamoja na Staffan Bergström mwaka 1995, vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya mwaka 1984 na 1991. Lile la malalamiko ya raia ndilo, kwa rai yangu, mbegu ya kadi za Kasulu.

Lakini hapana mbinu inayofaa kila jambo, na Kibondo yatuonyesha mpaka wa hii ya kadi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu walivuka mpaka, na wilaya ya Kibondo ikapokea kambi kadhaa, Kanembwa ikiwa mojawapo. Mwaka 1996 shirika la kusaidia wakimbizi la IRC lilianza huko kazi ya kuchunguza dhuluma wanazotendewa wanawake, na ripoti ya Sydia Nduna na Lorelei Goodyear ya mwaka 1997 ikaeleza kwamba takriban robo ya wanawake wa kambini wenye miaka 12 hadi 49 walikuwa wametendewa jeuri ya kijinsia tangu wawe wakimbizi. Jambo hili huwezi kuliandika kwenye kadi, wala hapana mwanamke ambaye angelisimama kulitaja mbele ya baraza la kijiji. Aibu hufanya orodha ya mkutano iwe na afya, maji na shule, na usalama wa mwanamke ukakosekana. Jambo hilo lilipatikana kwa mwanamke kuzungumza na mwanamke faraghani, na ndipo neno pana la usalama lilipopata mahali pake duniani: njia za kwenda kutafuta kuni, nje ya kambi, na nyumba iliyofunguliwa usiku na mchana ili aliyedhulumiwa apate tiba na faraja.

Ugumu unaofuata ni wa hesabu. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, uliozinduliwa Desemba 2016, uliahidi kuupunguza ukatili huo kwa nusu ifikapo 2021/22, na ukaagiza kamati hadi ngazi ya kijiji. Nusu ya nini? Panapofunguliwa dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, na likafanya kazi kwa uaminifu, kesi zilizokuwa zikimalizwa jikoni huanza kuandikwa, na daftari huonyesha ukatili unapanda pale pale ambapo msaada umefika. Kamati inayopimwa kwa daftari peke yake ina sababu ya kutoziandika kesi hizo. Mbaruku alilijua hilo, ndiyo maana alitengeneza kumbukumbu kabla ya kutaja shabaha.

Na zile asilimia 88 za Kasulu? Yafaa zisomwe kwa hadhari, maana ni chaguo la kwenye kadi, si mtoto aliyezaliwa, ijapokuwa hisabu za watafiti zilibashiri vema mahali wanawake walikojifungulia kweli. Waandishi wenyewe walitaka wazo lao lijaribiwe, na jaribio walilolifanya baadaye lilikuwa katika Mkoa wa Pwani, ambako baadhi ya zahanati zilipewa mafunzo, usimamizi na vifaa na nyingine zikaachwa kuwa kipimo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha mruko mkubwa katika jumla ya wanawake. Waliobadilika kwa dhahiri ni wale ambao uzazi wao uliotangulia ulikuwa wa nyumbani.