Sauti za Watunzi Zilizowekwa Maktabani

Katika Chuo Kikuu cha Harvard, kule Marekani, kimo chumba kiitwacho Woodberry Poetry Room, nacho ni maktaba ya mashairi. Kilifunguliwa mwaka 1931, kikapewa jina la George Edward Woodberry, aliyekuwa mtunzi na mhakiki. Na tangu mwaka 1949 kimo katika jengo la maktaba ya Lamont. Vitabu vimo tele, illa sifa yake kubwa haitokani na vitabu, yatokana na sauti. Watunzi wengi wamesoma tungo zao chuoni hapo, na wengine wametoa hotuba juu ya kazi yao, na maneno yao yamenaswa katika santuri na kanda. Siku hizi nyingine katika sauti hizo husikilizwa na mtu aliye mbali kwa njia ya intaneti, hata mwalimu wa huku kwetu aweza kuzipata. Kwa hiyo yafaa tuulize: sauti ya mtunzi yamfaa nini afundishaye mashairi, na ni wapi iwezapo kumpotosha?

Kazi ya kunasa sauti ilianzwa hapo mwaka 1933 na Frederick C. Packard, mwalimu wa ufasaha wa kusema mbele ya watu, na santuri zake ziliitwa Harvard Vocarium. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko yeye. Edison alikwisha kuunda mashine yake mwaka 1877; na mwaka 1889, katika karamu mjini London, Robert Browning aliombwa aseme shairi lake mbele ya mashine hiyo. Mzee akaanza kwa mbio, kisha akasahau maneno yake mwenyewe, akaomba radhi. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule akafa. Lakini mambo ya namna hiyo yalikuwa kama mchezo na maajabu. Nia ya Packard ilikuwa elimu, yaani mwanafunzi asikilize mara kwa mara, na kitabu ki mkononi mwake.

Miongoni mwa wa kwanza kunaswa alikuwa T. S. Eliot, ambaye katika mwaka wa masomo wa 1932 hata 1933 alikuwako Harvard akitoa hotuba. Alisoma Gerontion na The Hollow Men. Mtu alisomaye hilo la pili kwa macho tu huona mistari mifupi iliyokatika-katika, isiyo na vina vya kudumu, naye hudhani kwamba mtunzi ameitupa mizani. Akiisikia sauti, hufahamu vingine. Eliot husoma kwa sauti kavu, ya taratibu, isiyopanda wala kushuka sana, mfano wa padre aongozaye litania. Na vile vipande vya Sala ya Bwana vilivyomo mwishoni, vikichanganyika na wimbo wa mchezo wa watoto, havisikiki kama dhihaka. Vyasikika kama sala ya mtu aliyeishiwa na nguvu kabla ya kufika Amina. Jambo hili karatasi haikulisema wazi, na sauti imelisema.

Sisi tusomao Kiswahili hatuna haki ya kulistaajabia. Wazee wa pwani waliandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, zenye alama tatu za irabu, hali lugha yetu ina irabu tano. Katika maandiko ya kale neno tumbo na neno tombo huandikwa namna moja, na msomaji hana budi kuchagua. Aliyejua kuchagua ni yule aliyeusikia utenzi kwa mwenziwe aliyeusikia kabla yake. Karatasi ilikuwa ya kumkumbusha anayejua, haikuwa ya kumfundisha asiyejua. Basi tukubali kwamba maktaba ya mashairi iwekayo vitabu peke yake imeweka nusu ya mali.

Lakini hapa ndipo penye hatari, nami naikiri kwa kuwa nimeiangukia. Eliot alibatizwa katika Kanisa la Uingereza mwaka 1927, na mwaka huo huo akatoa shairi liitwalo Journey of the Magi, habari za safari ya Mamajusi. Mwanzo wake ameutoa katika mahubiri ya Krismasi ya Askofu Lancelot Andrewes ya mwaka 1622, hata twaweza kusema kwamba shairi hili lilizaliwa mimbarani. Eliot alilisoma pia kwa ajili ya santuri, nami nikawasikilizisha wanafunzi wangu. Kisha kijana mmoja akasimama kulisoma. Alisoma polepole mno, akipumzika mahali ambapo Eliot hakupumzika, na alipofika mwisho sauti yake ilikuwa karibu na kilio. Nikamkatiza. Nikamwambia, “Mtunzi mwenyewe hakusoma hivyo.” Akaketi, wala hakujitolea kusoma tena muhula ule.

Usiku nililifungua shairi nikalitazama upya. Asemaye humo si Eliot. Ni Majusi aliyekwisha kuwa mzee, akikumbuka safari ngumu ya zamani, na kurudi kwake katika nchi ambayo haikuwa kwake tena. Uchovu ule na huzuni ile vimo katika maneno yenyewe. Kijana aliyaamini maneno, nami niliiamini mashine. Eliot aliposoma alikuwa na miaka ya makamo, naye alikuwa na desturi ya kuificha nafsi yake asomapo. Hiyo ni njia moja ya kulichukua shairi, nayo ni njia nzuri, lakini haizifungi nyingine.

Tena maktaba zenyewe zatupa ushahidi wa kutuonya. Shairi refu la Eliot, The Waste Land la mwaka 1922, alilisoma mbele ya mashine zaidi ya mara moja, na mara mojawapo ni mwaka 1946 kwa ajili ya Maktaba ya Bunge ya Marekani. Aliyelitunga alikuwa na miaka thelathini na kitu. Aliyelisoma mwaka huo alikuwa karibu na sitini, ameona vita viwili vikuu, na imani yake imebadilika. Je, ni yupi kati yao aliye na neno la mwisho? Mtunzi akisoma, naye ni msomaji, wa siku moja na umri mmoja na afya ya siku ile. Twamsikiliza kama shahidi aliyekuwapo jambo lilipotendeka, na ushahidi wake una uzito kupita wa wengine. Lakini shahidi hakai katika kiti cha hakimu.

Juu ya hotuba ni neno jingine. Mtunzi asomapo shairi, maneno yamekwisha kukaa. Anapohutubu, twamsikia akiyatafuta. Mfano mkubwa ni Jorge Luis Borges wa Argentina, aliyetoa hotuba sita juu ya ufundi wa ushairi hapo Harvard, kwa Kiingereza, katika mwaka wa masomo wa 1967 hata 1968. Alikuwa haoni kiasi cha kutoweza kusoma, kwa hiyo hakushika karatasi. Mashairi aliyoyataja aliyatoa moyoni, ya lugha mbalimbali. Kanda zake zilikaa katika ghala ya maktaba zaidi ya miaka thelathini pasipo kutumiwa, hata zilipotolewa kitabu mwaka 2000. Kitabu chapendeza, lakini mwenye kusikia kanda hupata kile ambacho kitabu hakina: kusita kwake kabla ya neno, na jinsi anavyotembea taratibu kama mtu apapasaye ukuta wa nyumba yake gizani, akijua kila mlango. Kwa hotuba, nadhani, sauti yafaa zaidi kuliko hata kwa shairi, kwa sababu shairi lilitungwa liweze kusemwa na kinywa cha mwingine, na hotuba ile haikuwa na kinywa kingine.

Na ile miaka thelathini ya ghalani nayo ni somo. Sauti iliyowekwa na isisikilizwe haina tofauti na sauti iliyopotea, isipokuwa tumaini.

Mwisho natazama kwetu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalikusanywa na Padre W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa katika kitabu. Tuna maneno, lakini mahadhi ambayo wazee waliyaimbia hayamo katika kurasa. Wako hata leo wenye kuzighani tenzi kwa namna walivyopokea, na wengi wao ni wazee. Mwalimu aliye na chombo cha kunasia sauti asingoje maktaba kubwa. Amwendee mzee kwa adabu na kwa idhini yake, aandike jina, mahali na tarehe. Na akiisha kughani, amwulize amejifunza kwa nani, na mbona amevuta hapa akakata pale. Majibu hayo nayo ayanase, maana hiyo ndiyo hotuba yake.

Kisha awapelekee wanafunzi sauti hiyo, nao wakiisha kuisikia, awaache wasome. Yule kijana wangu nilimwita siku ya pili, nikamwomba radhi, nikamwomba alisome shairi tena hata mwisho. Alisoma. Santuri ilikuwa imefungwa kabatini, nami sikuitamani.