Mkono Unaojua Kuachia

Mahindi mengi yanayonunuliwa sokoni Gakoromone, Meru, safari yao huishia kwenye kisiagi. Mjini siku hizi husaga mota ya umeme. Kabla nyaya hazijafika vijijini, kazi hiyo ilikuwa ya injini ya dizeli ya kupiga hendeli, na mojawapo iliyosifika ni Lister CS, aina iliyoanza kuundwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929, na baadaye kuigwa India.

Kwa kawaida ni injini ya silinda moja, yenye magurudumu mazito ya chuma na mwendo wa taratibu, mizunguko kama 650 kwa dakika. Haina betri wala stata. Anayeiamsha ni fundi, na fundi hodari anastahili kutazamwa bila haraka.

Hakimbilii hendeli. Huvua kwanza koti linaloning'inia, akautoa mkanda ili injini isianze na mzigo wa kinu, akapima oili. Hukagua mdomo wa hendeli kama umelika, kisha hupaka grisi shingo ya shafti, maana hendeli ikinasa injini inapowaka, huzungushwa kama rungu. Halafu huinua wenzo unaoiacha valvu wazi, silinda isibane hewa, akazungusha polepole hadi nozeli ilie krii. Dizeli imefika.

Hapo ndipo huongeza kasi. Gumba hukaa upande mmoja na vidole vingine, halikizunguki chuma, kwa sababu injini ikirudi nyuma hulivunja, na kifundo cha mkono pia. Magurudumu yakishika mwendo, mkono wa pili huangusha wenzo. Hewa hubanwa, hupata joto la kuwasha dizeli bila plagi, na injini huitika: tu! tu! tu! Hendeli imeshatoka.

Trekta ya petroli, kama Ferguson TE20 ya miaka 1946 hadi 1956, hutaka mkono mwingine: gia huru, breki imefungwa, kisha kuvuta kutoka chini kwenda juu nusu mzunguko. Anayevuta, pigo la kurudi humfungua vidole; anayesukuma chini, humkuta ameegemea kwa uzito wake wote.

Nguvu za kuzungusha vijana wengi wanazo. Ninachokiheshimu kwa mafundi hawa ni mpangilio wao, na kwamba mwanagenzi wao hujifunza kuachia hendeli kabla hajaruhusiwa kuizungusha.